Chumvi ya Mwalimu Kalista

Mtu akikosa hoja hukimbilia cheo, na mwenye cheo akikosa hoja hukimbilia muhtasari wa masomo. Kalista alilijua hilo mwaka 1974, katika maabara ya shule moja ya sekondari ya wasichana mjini Iringa, na namna alivyolijua inakera hadi leo. Mimi ninayesimulia sikuwapo, lakini nikifika pahala pa yule mkaguzi damu hunichemka kana kwamba niliyedhalilishwa ni mimi.

Kalista alikuwa Mhehe wa Kihesa, binti wa seremala, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Alisoma kemia Chuo Kikuu wakati ambapo majirani wa kwao walidhani kemia ni jina la ugonjwa. Aliporudi kufundisha, shangazi zake walimwuliza ataolewa lini. Akawaambia kwamba kwanza ana kazi ya kuwaonyesha watoto wa kike jinsi vitu vinavyoshikana. Shangazi wakatazamana, wakaona heri wabadili mazungumzo.

Jinsi vitu vinavyoshikana: hilo ndilo lililomkaa moyoni. Vitabu vya shule vilisema kwamba atomu hushikana kwa kugawana elektroni, na hapo wanafunzi wote walielewa, kwa kuwa ni kama ndoa. Vikasema pia kwamba chembe zenye chaji, ambazo huitwa ayoni, huvutana chanya kwa hasi, na hilo nalo lilieleweka. Lakini kule Chuo Kikuu Kalista alikuwa amesoma habari ya mshikamano mwingine, na tangu siku ile haukumtoka kichwani. Kuna mafuta fulani ambayo atomu zake za kaboni zimeshikana mikono zikafanya pete. Pete hiyo haina chaji yoyote ukiipima kwa jumla. Hata hivyo, juu na chini yake elektroni zimetanda kama wingu, na ayoni chanya ikipita karibu huvutwa, ikaja kukaa juu ya pete ile. Hakuna kuoana wala kufungwa kamba. Inakaa tu, na ikikaa imekaa.

Basi aliwafundishaje wasichana jambo hilo? Kwanza alivua kitambaa chake cha kichwani akakisokota ngata, akaiweka kichwani na juu yake akatua birika la maabara. Akatembea nalo toka dirishani hadi mlangoni. "Birika limegundishwa?" akauliza. "Hapana!" wakajibu. "Limefungwa?" "Hapana!" "Mbona halianguki?" Wakacheka, na waliocheka walikuwa wameshaelewa nusu ya somo.

Nusu ya pili aliitoa nyumbani kwao. Aliwauliza wasichana kwamba Wahehe na Wangoni ni nani wao kwa wao, na darasa zima likajibu kwa pamoja kwamba ni watani. Zamani walipigana vita vikali, wakachinjana, kisha wakawa watani mpaka leo. Si ndugu wa damu, hawakuchanganya ukoo, hakuna mkataba wowote uliowafunga. Lakini Mngoni akifiwa, Mhehe atakuja bila kualikwa. Atachimba kaburi, atapika, atawatania wafiwa hadi wacheke na machozi yao, na ataingia kaburini alale humo akatae kutoka mpaka apewe anachotaka. Na lolote atakalosema, mtani hakasiriki. "Sasa mnaona," Kalista akasema, "kuna watu wanaoshikana bila kufungwa. Na ayoni na pete ni hivyo hivyo."

Halafu akawaonyesha kwa macho. Mwalimu wa kigeni aliyemtangulia, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kichupa cha rangi ya kahawia kilichozibwa kwa nta. Ndani mlikuwa na chumvi ya madini ya fedha, si chumvi ya kutia mchuzini bali ya maabara, ya kushikwa kwa uangalifu. Kalista aliwakataza wasichana wasiiguse, akafungua, akachota punje chache kwa kijiko kidogo. Akaweka punje katika mirija miwili. Mmoja ulikuwa na mafuta mepesi yasiyo na pete, wa pili ulikuwa na toluini, ambayo ni mafuta yenye pete. Akatikisa yote miwili. Katika mrija wa kwanza chumvi ilibaki chini kama mchanga. Katika ule wa pili ilipotea machoni, mafuta yakabaki maangavu kama maji, hata msichana mmoja akasogeza pua kuitafuta akavutwa nyuma kwa sketi.

Chumvi imeyeyuka katika mafuta. Tangu darasa la kwanza walikuwa wameimbishwa kwamba chumvi huyeyuka majini, si katika mafuta, na sasa wameona kwa macho yao. Kalista akaziba tena kichupa kwa nta, akakirudisha kabatini kikiwa bado kimejaa karibu na shingo. Aliona kwamba siku hiyo amefundisha.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi.

Bwana Timotheo alikuwa Mngoni wa Songea, ofisi yake Mbeya, mkaguzi wa masomo ya sayansi kwa shule za nyanda za juu. Suti yake ya Kaunda ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Sikatai, alikuwa amesoma. Lakini wako watu ambao kusoma kwao ni kama kupanda ghorofani kisha wakavuta ngazi. Alikaa nyuma ya darasa, mwalimu mkuu pembeni yake, akasikiliza kidogo, kisha akasimama na kumwuliza msichana aliyekuwa karibu. Msichana huyo aliitwa Tusekile, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mpole, hodari kuliko wote.

"Chumvi huyeyuka katika mafuta?"

"Shikamoo mwalimu," Tusekile akasema kwanza, kwa kuwa amelelewa. Kisha akajibu, "Inategemea, mwalimu. Chumvi gani, na mafuta gani."

"Nimeuliza swali rahisi. Ndiyo au hapana?"

"Tuliona ikiyeyuka, mwalimu. Kwenye mafuta yenye pete."

Mkaguzi akamgeukia Kalista. "Haya ndiyo unayowafundisha? Pete, na watani? Nimesikia hapa watani wametajwa. Hii ni kemia au ngoma ya kijijini?"

Kalista hakukasirika bado. Alifungua kabati, akatoa kichupa na mirija miwili, akasema, "Bwana mkaguzi, ni jambo la muda mfupi tu. Sogea uone mwenyewe."

"Sikuja kuangalia mazingaombwe. Jambo hili halimo katika muhtasari."

Sasa hapa ndipo Kalista alipofanya kosa, kama ni kosa. Aliona mtu amepandisha hasira na wasichana wameogopa. Akafanya kile ambacho Mhehe yeyote angefanya mbele ya Mngoni aliyenuna: akamtania. Maana utani ndio maji ya kuzimia moto wa namna hiyo, na kwa Mngoni wa kweli ungezimika papo hapo.

"Mtani wangu," akasema, "babu zako walikuja hapa na mikuki wakarudi wakikimbia. Na wewe umekuja na kalamu, unakimbia kichupa?"

Darasa likaangua kicheko. Na mkaguzi alikuwa na jibu tayari, jibu ambalo kila Mngoni amezaliwa nalo mdomoni, kwa kuwa Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa. Angesema tu kwamba amepita Kihesa nzima hajasikia mbwa akibweka, je, Wahehe wamewapeleka wapi? Watu wangecheka maradufu, angesogea mezani, angeona chumvi ikiyeyuka, na habari hii isingekuwapo.

Badala yake uso ulimvimba. "Mimi si mtani wako," akasema. "Mimi ni mkaguzi wako."

Hata mwalimu mkuu alishtuka. Katika nchi hii mtu anaweza kukataa deni, anaweza kukataa mtoto, lakini kumkataa mtani mbele za watu! Kalista alisimama na kichupa mkononi.

Mkaguzi akaenda ubaoni. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba chumvi haiyeyuki katika mafuta, akawaamuru wasichana wote wanakili, na chini yake waandike kwamba walichoonyeshwa kilikuwa udanganyifu. Akapita meza hadi meza kuhakikisha. Tusekile aliandika huku machozi yakidondokea karatasi. Kisha mkaguzi akanyoosha mkono, akamnyang'anya Kalista kichupa, akakitia mfukoni kwa maelezo kwamba ni dawa ya hatari isiyoruhusiwa shuleni.

Udanganyifu! Nakwambia, mtu anaweza kukuita mjinga ukacheka, anaweza kukuita mchawi ukahama. Lakini mwalimu kuitwa mwongo mbele ya wanafunzi wake, na wanafunzi hao kushurutishwa kuliandika neno hilo kwa mikono yao wenyewe, hiyo ni kumvua mtu nguo sokoni. Na mwenye kuvuliwa hakuruhusiwa hata kuonyesha mirija.

Haikuchukua muda, uhamisho ukaja. Kalista alitakiwa Mbeya, katika kituo cha mafunzo ya akina mama, mtaa wa Soweto. Kufundisha nini? Kushona. Mwenye digrii ya kemia, ambaye kwao nguo zilishonwa na fundi wa sokoni, alipelekwa kufundisha kukata gauni. Alipanda basi Iringa na sanduku lake la bati, akalia kimya hadi Makambako. Basi liliposimama Igawa, wauza mahindi ya kuchoma wakajaa madirishani, naye akanunua hindi moja akalishika mpaka Mbeya bila kulitia mdomoni.

Kule Soweto alijifunza cherehani usiku wa leo ili afundishe kesho. Hakuwa mbaya. Lakini kila alipopita nje ya shule ya sekondari akanusa harufu ya maabara, alipunguza mwendo. Barua zake za kuomba arudishwe kwenye kemia zilipita ofisi ya mkaguzi, na zilizopita huko hazikutoka upande wa pili.

Kilichomtuliza kilikuwa kizee kimoja. Mama Matilda alikuja kituoni siku moja akitaka kushonewa sketi, akasikia matamshi ya Kalista, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe! Mhehe?"

"Mhehe wa Kihesa, mama. Shikamoo."

"Sitaki shikamoo ya Mhehe! Mbwa wangu amepotea tangu jana, fungua sufuria lako nione!"

Kalista alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajacheka namna ile tangu atoke Iringa. Kuanzia hapo kizee huyo wa Kingoni akawa wake. Alikuja na ndizi, akanyanyua vifuniko vya sufuria bila ruhusa, akajitwalia sukari, na Kalista naye akaenda kwake akamkamatia kuku mchana kweupe akaondoka naye, majirani wakishangilia. Ndivyo watani walivyo. Ilipita miezi ndipo Kalista alipoingia sebuleni kwa kizee siku ya Jumapili, akakuta picha ukutani: Bwana Timotheo na suti yake ya Kaunda.

"Mwanangu," Mama Matilda akasema kwa fahari. "Mkubwa wa mashule. Ila hana utani yule, sijui nilimzaa na nini."

 Kalista hakumwambia kizee lolote, siku ile wala siku nyingine. Aliona kwamba ubaya wa mtoto si deni la mama. Ila alianza kuchagua saa za kwenda, saa ambazo mkubwa wa mashule yuko kazini.

"Nikifa," kizee alimwambia mara moja, akimenya ndizi, "Wahehe wa mji huu ni wachache na ni waoga. Wewe ndiye utakayelala kaburini mwangu. Usitoke bure! Uwatoe jasho Wangoni hawa."

"Nitawatoa, mama."

Akafa mwaka 1977, masika, kwa homa ya mapafu.

Wahehe wa Mbeya walikuja wakachimba kaburi, kama ilivyo ada. Walipofika makaburini, jeneza likiwa limewekwa pembeni, Kalista akavua viatu, akakunja gauni lake jeusi alilolishona mwenyewe, akatelemka kaburini, akajilaza. Watu wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Ndugu wa marehemu walikuja ukingoni na kuku.

"Toka, mtani! Kuku huyu hapa!"

"Huyo kuku au njiwa? Wangoni mmefilisika?"

Wakaleta jogoo. Akamkataa kwamba ana kikohozi. Vicheko vikazidi, na hata Bwana Timotheo, macho mekundu kwa kilio, alichungulia chini ili aone ni mtani gani huyu mkaidi. Ndipo macho yao yalipokutana.

"Sitaki kuku," Kalista akasema, na sauti yake ile kubwa ikapanda kutoka kaburini. "Nataka kichupa changu."

Vicheko vikapungua. Mzee mmoja wa Kingoni akauliza ni kichupa gani.

"Anakijua mwenyewe. Kichupa cha kahawia, kina chumvi, kina nta. Alikichukua mkononi mwangu Iringa. Sitoki humu mpaka kije."

 Sasa Bwana Timotheo hakuwa na muhtasari wa kushika. Mzee yule akamgeukia. "Unacho?"

"Kipo nyumbani," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi unangoja nini? Mama yako analala juani!"

Akaenda. Akaendesha gari mwenyewe, akarudi na kichupa kimeviringwa kwenye kitambaa cha mfukoni. Muda wote huo Kalista alikuwa amelala kwenye udongo wa baridi, akitazama anga, akiwaza kwamba akishapewa atawaambia watu wote ukweli, kwamba ndani ya kichupa hiki mna jambo ambalo mkaguzi hakutaka kulitazama. Moyo ulikuwa umeanza kumpoa. Hata alikuwa tayari kumtania.

Mkaguzi akapiga magoti ukingoni, akamkabidhi. Kalista akakiinua kwenye mwanga.

Nta haikuwa yake. Yake ilikuwa nyekundu, hii ilikuwa ya mshumaa mweupe. Na chumvi aliyoiacha karibu na shingo ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

Akakaa kitako humo kaburini. "Umekifungua."

Mkaguzi akakikunja kitambaa chake cha mfukoni.

"Ulijaribu?"

"Nilijaribu," akasema. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jeneza la mama yake, na labda mahali pale palimzuia asiseme uongo.

"Lini?"

"Mwaka uleule. Niliporudi ofisini."

"Katika toluini?"

"Ndiyo."

"Ikawaje?"

Watu wakasogea ukingoni, ingawa wengi hawakujua kinachoulizwa. Bwana Timotheo akainamisha kichwa. "Iliyeyuka," akasema. "Nilirudia mara nyingi. Iliyeyuka."

Wachache wakacheka, wakidhani ni sehemu ya utani. Kalista hakucheka. Miaka yote ile alikuwa akijifariji kwamba yule mtu hakujua. Asiyejua hufundishwa, husamehewa, hata akiwa na kiburi. Kumbe alijua! Alijua kabla yeye hajafungasha sanduku. Alijua barua zake zilipotua mezani pake, moja baada ya nyingine. Alikwenda ofisini asubuhi, kichupa kikiwa kabatini kwake, huku mwalimu wa kemia anapima viuno vya watu kwa futi ya kitambaa. Na wasichana wale walikwisha kumaliza shule, wametawanyika, kila mmoja na daftari lake lenye neno udanganyifu kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Tusekile utampata wapi umwambie?" akauliza. 

Kalista akapanda juu. Alinyooshewa mkono akaupita, akashika mzizi akajivuta. Jeneza likashushwa. Padri akamaliza yake, wafiwa wakatupa udongo kidogo kidogo, na ukafika wakati wa watani kufukia. Kalista akaweka kichupa ndani ya kiatu chake, akachukua koleo.

Bwana Timotheo akamsogelea.  "Tusameheane, mtani wangu," akasema. "Mtani hakasiriki."

Kalista akasimamisha koleo. Akasema polepole, kila mtu akasikia:

"Mtani wangu umemlaza humo ndani. Wewe ulikwisha kukataa mbele ya wasichana wangu. Si mtani wangu wewe. Kwa hiyo wewe, Bwana mkaguzi, naruhusiwa kukukasirikia."

Akamgeuzia mgongo, akaendelea kumzika mtani wake.